FUTI 24 ZA NINI?
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Kamati ya kikundi cha akiba imetuomba sisi wa karakana tuseme machache juu ya ile boti ambayo kikundi kinataka kuinunua, ichukue abiria ziwani hapa Kisumu. Ni boti ya pantoni, yaani sakafu bapa iliyokaa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Asili yake ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Minnesota, Ambrose Weeres, alitandika sakafu ya mbao juu ya mapipa ya chuma, na tangu hapo boti za namna hii zikaenea katika maziwa ya huko.

Muuzaji ameandika "futi 24". Basi sisi twauliza: futi 24 za nini? Behewa lina urefu wa fremu yake, tena lina urefu wa kutoka kiungio hadi kiungio. Anayehesabu kwa fremu peke yake, mabehewa yake hayataingia katika njia ya pembeni. Boti hii nayo ina urefu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa sakafu. Mara nyingi huu ndio muuzaji autajao.

Wa pili ni ule wa sheria. Huko Marekani, walikoandika jambo hili wazi, hupima mstari ulionyoka toka ncha ya mbele ya mwili wa boti hadi ncha ya nyuma. Mapipa yakiipita sakafu, yahesabiwa. Mashine ya nyuma haihesabiwi, wala chuma kinachoishika, wala ngazi iliyofungwa kwa bolti. Urefu huo ndio unaoamua vyombo vya lazima. Kila mtu awe na jaketi lake la kuokolea, boti ikifika futi 16 (mita 4.88) lazima pia boya la kurusha. Vyombo vya kuzima moto, pale vinapotakiwa, ni kimoja chini ya futi 26, na viwili toka 26 hadi chini ya 40. Kwetu hapa mkaguzi atapima mwenyewe, lakini heri tufike kwake tukiwa na hesabu yetu mkononi.

Wa tatu ni wa barabarani: toka kichwa cha trela kinaposhikana na gari hadi mwisho wa mashine ikiwa imeinuliwa. Hapa kila kitu chahesabiwa.

Tuseme sakafu ni futi 24, na mapipa ni futi 25 na inchi 6. Kwa sheria ile, boti ni 25 na inchi 6. Imebaki nusu futi tu kufika 26. Ukiongeza mkono wa trela na mashine, barabarani yaweza kufika futi 31. Banda la futi 25 halitafaa, na dereva lazima ajue anavuta nini kwenye kona.

Namna ya kupima ni hii. Isimamisheni trela penye sakafu sawa, mwiinue mkono wake kwa jeki mpaka boti ilale sawa. Tundikeni timazi mbele, mtie alama ya chaki chini. Nyuma vivyo hivyo. Kisha pimeni kati ya alama mbili. Msilaze tepu juu ya pua ya pipa iliyopinda, maana itawadanganya.

Mtazame trela yenyewe pia. Mbao zinazobeba mapipa zifike mpaka nyuma kabisa, kwa kuwa uzito wa mashine uko huko. Pipa likining'inia bila tegemeo kwa safari ndefu, litapinda au kupasuka penye maungo. Pimeni tena nafasi toka katikati ya pipa moja hadi katikati ya pili, mlinganishe na mbao hizo. Trela ya boti nyingine, hata ikiwa ya bei rahisi, yaweza isikubali hii.

Kamati itakwenda kwa muuzaji Jumamosi. Sisi tutatoa tepu, timazi mbili na jeki, pamoja na watu wawili wa kupima. Malipo ya kwanza yangoje mpaka hesabu zote tatu ziandikwe kwenye karatasi na muuzaji atie sahihi yake.