Kanzu ya Samweli

Hana alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo mwaka kwa mwaka. Mwenye kushona ajua: mtoto akikua, kanzu ya mwaka jana haimwingii. Ikimwingia bado, mama ana jambo la kuuliza.

Akina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kanzu yenu ni ule mstari katika kijitabu cha kliniki. Mistari ya kulinganishia ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupimwa watoto wa nchi sita, Ghana na Omani zikiwamo. Basi msiseme ni vipimo vya Wazungu!

Wengi huenda mpaka sindano ya surua ya miezi tisa, kisha kijitabu hulala kabatini. Kumbe ndiyo miezi mtoto atambaapo, huokota kila kitu mchangani, akaharisha. Aliyezaliwa na kilo 3 hutazamiwa kufikia kama 6 kwenye miezi mitano, na 9 hivi akitimiza mwaka. Lakini kilo za siku moja hazisemi mengi. Tazama mstari: wapanda, umelala, au washuka? Ukilala, usingoje mtoto akonde uso. Mwulize muuguzi, wala usiogope maneno ya jirani. Uji mtupu haumtoshi. Mpe na kunde, samaki, mayai.

Nanyi akina baba, mwajua bei ya unga na nauli ya matatu. Mtoto ana kilo ngapi? Kifungueni kijitabu jioni hii, mtazame alama ya mwisho iliwekwa mwezi gani.