Kabla Ramani Haijapigwa Muhuri: Wakazi wa Obokote na Miradi ya Nyumba



Mada niliyopewa inahusu wakazi wanaopinga mradi wa nyumba mahali wanapokaa. Wakubwa wetu hupenda kuwaita wapinga maendeleo. Nikitazama yaliyowapata majirani zetu wa Rwanda na Tanzania, naona ugomvi hutokana na utaratibu: bei imekwisha kupangwa, pa kuhamia pamekwisha kuchaguliwa, ndipo wenyeji wanaitwa mkutanoni.

Najua kuitaja Kigali ya Rwanda katika ukumbi huu, kwa hali ya vita mashariki mwa Kongo yetu, si jambo jepesi. Lakini kisa cha Kangondo na Kibiraro, mitaa ya mji huo iliyojulikana kama Bannyahe, kinatufaa. Mitaa hiyo ya watu wa kipato kidogo ilipakana na Nyarutarama ya matajiri. Mwekezaji akapatikana, na wakazi wakaambiwa watapewa fleti Busanza. Baadhi wakakataa, wakataka walipwe fedha ili kila mtu ajitafutie. Mwenye vyumba vya kupangisha, akipewa fleti moja ya kulala, atakula nini? Walikwenda mpaka mahakamani. Septemba 2022 waliobaki waliondolewa, nyumba zikabomolewa.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, mambo yalikwenda vingine. Kaya 644 zilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, uwanja ukakaa mtupu miaka kadhaa. Kaya hizo ziliendelea kudai zikiwa kundi lenye idadi inayojulikana. Rais Samia alipozindua majengo mapya Machi 2022, fleti zilitosha kaya zote 644. Mjadala wa malipo haukuisha, lakini hakuna aliyeweza kuuliza wadai ni akina nani.

Sisi tuna tatizo ambalo Magomeni hawakuwa nalo. Hapa kwetu Obokote shamba hulimwa, kisha hupumzishwa miaka mingi mpaka miti inarudi. Mpimaji wa kadasta akifika na mashine yake anaona pori, anaandika kwamba ardhi haina mtu. Mama anayepita naye anaona michikichi ya baba mkwe, jiwe la mpaka na kaburi la mtoto. Ugomvi mzima umo katika tofauti ya macho hayo mawili, na kwa kawaida karatasi hufuata macho ya mpimaji.

Sheria ya ardhi ya Kongo, Namba 73-021 ya 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya Dola. Kifungu cha 388 kinatambua ardhi ambayo jamii inakaa, inalima au inatumia kwa namna yoyote kulingana na desturi. Kwa maoni yangu, shamba lililopumzishwa limo humo. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki hizo. Miaka zaidi ya 40 ilipita bila amri kutoka, nasi tukabaki na haki isiyo na karatasi. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kimetupa nguvu zaidi: kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na kinataka fidia ya haki ilipwe kwanza.

Lakini silaha inayosahauliwa ni uchunguzi unaotakiwa na sheria hiyo ya 1973 kabla ardhi ya kijijini haijatolewa kwa mwombaji. Afisa anapaswa kufika mahali penyewe, aandike kilichopo, kuanzia msitu hadi mito na njia, na awasikilize wenye madai, hata wa mdomo. Siku hiyo ndiyo ya kupinga. Wazee watembee naye, wamwonyeshe mashamba yaliyolala, wataje aliyelima na mwaka wake. Mkisubiri tingatinga, mtakuwa mnabishana na hati ya usajili, na hati hiyo ikitimiza miaka miwili kuivunja ni kazi kubwa.

Ugumu mwingine uko kwetu wenyewe, na nausema mbele ya mashefu kwa heshima. Mara nyingi sahihi ya shefu mmoja huhesabiwa kuwa kauli ya kijiji kizima. Wajane hawaulizwi; wapangaji, ambao mjini Kindu ni wengi, hawahesabiki kabisa. Napendekeza tujadili leo kanuni moja: ripoti ya uchunguzi isomwe hadharani kwa Kiswahili na Kikumu kabla ya kusainiwa, na nakala moja ikae kijijini, kwa mtu ambaye si ndugu wa shefu.