Mdomo wa Mgeni, Sikio la Nani?

Mhadhara wa umma uliotolewa Hola, Kaunti ya Tana River



Nimeitwa kuzungumzia sinema katika mji ambao wengi wetu tuliijulia sinema kwenye kibanda cha mabati, televisheni moja mbele, jenereta ikinguruma nje. Kibandani nitarudi. Kwanza twende Paris.

Agosti 1959 Jean-Luc Godard alianza kupiga filamu yake ndefu ya kwanza, À bout de souffle. Patricia, mwanamke wa kisa kile, aliigizwa na Jean Seberg, Mmarekani wa miaka 20, mzaliwa wa Marshalltown katika jimbo la Iowa. Kifaransa alikisema, lakini ukimsikia unajua hakunyonya nacho. Sasa, filamu ile ilipigwa bila sauti. Maneno yaliingizwa baadaye studioni. Godard alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kumweka Mfaransa amsemee Seberg, na hakuitumia. Aliiacha lafudhi ya Iowa ikae palepale, tena akaitia ndani ya kisa: Patricia anatembeza gazeti la New York Herald Tribune barabarani, anakwama kwenye maneno, anauliza. Hata mwisho kabisa, mpenzi wake akiwa amekata roho barabarani, analouliza ni maana ya neno moja la Kifaransa.

Walikuwapo Wamarekani wengine kabla ya Seberg. Eddie Constantine wa Los Angeles alipata ustaa Ufaransa kwa kuigiza mpelelezi Lemmy Caution, na lafudhi yake ilipendwa kama pilipili mezani. Josephine Baker, mzaliwa wa St. Louis, alikuwa nyota wa Zouzou mwaka 1934, na mwaka uliofuata, katika Princesse Tam-Tam, akafanywa msichana mchungaji wa Tunisia. Hapo nasita. Mmarekani mweusi anaigiza Mwafrika mbele ya Wafaransa: lafudhi gani ingehesabiwa kosa? Hakuna Mtunisia aliyefikiriwa kuwamo ukumbini.

Hili ndilo nililolijia. Kila filamu ina sikio. Mwongozaji anapoyaachia matamshi ya mwigizaji au kuyakataa, anaamua ni nani aliyeketi mbele ya pazia. Seberg aliachiwa ateleze kwa sababu waliokuwa wakimsikiliza wangeliona telezi lenyewe na kulifurahia.

Sisi tumeigizwa sana. Mwaka 1957 kampuni ya MGM ilitoa Something of Value, iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark na kuongozwa na Richard Brooks, sehemu zake nyingine zikiwa zimepigwa hapa Kenya. Kimani, kijana wa Kikuyu anayeingia Mau Mau, ni Sidney Poitier. Mzee Njogu ni Juano Hernandez wa Puerto Rico. Poitier nampenda, sitaficha. Macho yake mle yanasema mambo ambayo mswada haukuthubutu. Lakini uchungu wake umekatwa kwa kipimo cha sikio la Marekani, kwa Kiingereza. Filamu ikizunguka majumba ya ng'ambo, akina Kimani wa kweli walikuwa kambini.

Na hapa hamhitaji mhadhiri awaeleze. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliozuiliwa kambi ya Hola, waliokataa kazi ya kulazimishwa, walipigwa na askari hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Taarifa ile nayo ilikuwa na sikio: iliandikwa isikike London. Watu wa Tana hawakuhesabiwa miongoni mwa wasikilizaji, ingawa wao ndio waliokuwa wakiyanywa maji ya hapa tangu enzi na enzi. Kisha mji wenyewe ukapewa jina jingine, Galole, ambalo leo limebaki kwenye eneo bunge letu.

Miaka ilipita ndipo nikasikia filamu ya kigeni inayoturudishia sikio kidogo. Nirgendwo in Afrika, ya Mjerumani Caroline Link, ilitoka mwaka 2001 na kupata Oscar mwaka 2003. Mpishi Owuor aliigizwa na Mkenya mwenzetu, marehemu Sidede Onyulo, na Kiswahili chake si pambo. Ndiyo lugha ambayo familia ya Kiyahudi iliyomkimbia Hitler inaokota kwake, neno kwa neno. Merab Ninidze, aliyeigiza baba wa familia, ni mzaliwa wa Tbilisi. Kijerumani chenyewe kwake ni lugha ya ugenini.

Lakini mwaka 2005 ikatoka Die weiße Massai, Ujerumani hiyohiyo, na moran wa Kisamburu akawa Jacky Ido, mzaliwa wa Ouagadougou aliyekulia Ufaransa. Mwigizaji hodari. Ila mtu wa Maralal, huko Samburu, angemwambia mambo mawili matatu, na hakuulizwa. Hata The First Grader ya 2010, ambamo Oliver Litondo, msomaji habari wa zamani wa televisheni, anamwigiza vizuri mno Kimani Maruge, mzee aliyeingia darasa la kwanza uzeeni, ilimkabidhi Naomie Harris wa London nafasi ya mwalimu wa Kenya.

Turudi kibandani. Huko Wamarekani wanaigiza kwa lugha yetu kila siku, bila wao kujua. DJ Afro anapunguza sauti ya Schwarzenegger, anamsemea kwa Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, anamtania, anamuonea huruma. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo na Kiganda chake. Wasomi wenzangu huita hayo uharibifu wa kazi ya sanaa. Mimi sijaona Godard mwingine karibu kuliko hao.

Jioni moja nilikaa humo nyuma ya mzee wa Kiorma na mjukuu wake. Risasi zinalia, DJ anamwaga maneno, kijana anamgeuzia babu kwa Kiorma, sikioni. Watu wakaangua kicheko, mjukuu naye akacheka, akasahau kufasiri. Mzee akamgusa bega, akauliza lile neno limesema nini.