MWAMBIE AFISA NJIA YA KUKUPATA
(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wafanyakazi wa jumuiya, Adumi)



Nimeombwa niseme juu ya simu na ujumbe kati yetu na maafisa tunaofanya nao kazi. Wengine watacheka, watasema, simu nayo yahitaji semina? Subirini kidogo.

Mwaka jana afisa mmoja alinitumia ujumbe juu ya mama wa bloki yetu. Aliandika jina lake, namba ya kadi ya familia, na sababu ya kupelekwa hospitali. Saa hiyo simu yangu ilikuwa kibandani inachajiwa. Kijana wa chaji akausoma. Kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Yule mama hakwenda hospitali wiki ile, kwa aibu. Afisa alikuwa na nia njema. Kosa lilikuwa langu pia, maana sikuwa nimemwambia hata siku moja kwamba simu yangu haikai mkononi mwangu.

Tunaogopa kusema. Tunadhani tutaonekana wajeuri, posho itakatwa, jina litafutwa. Basi tunanyamaza, naye anadhani njia yake ni nzuri.

Mimi nilikwenda kwake ofisini asubuhi, sikupiga simu. Nikamsalimia, nikamshukuru kwa kazi, kisha nikasema: "Mama, naomba tupatane namna ya kupeana habari ili kazi isiharibike. Simu yangu huchajiwa kibandani, na nyumbani tunaitumia watu watatu. Tafadhali usiandike jina la mgonjwa. Ukiandika tu 'njoo ofisini', nitakuja. Na wewe, ungependa nikupate kwa njia gani?"

Swali hilo la mwisho msilisahau. Kumbe naye alikuwa na lake moyoni! Tulikuwa tukimbipu usiku kucha, hajui nani ana mgonjwa mahututi na nani anauliza siku ya mgao. Tukapatana: usiku ni kwa jambo la hatari tu, na tubipu mara mbili mfululizo. Mengine yangoje saa mbili asubuhi.

Angalieni, sikumwambia "usinipigie". Nilitoa sababu, nikampa njia nyingine. Kwa mtu aliyekuzidi umri, kukataa bila kumpa njia nyingine ni kumfungia mlango usoni.

Juu ya lugha. Hapa tuna Kilugbara, Kikakwa, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, lakini ujumbe huja kwa Kiingereza. Ukiwa hukuuelewa vizuri, usijibu "ndiyo". Jibu: "Tafadhali niandikie kwa Kiswahili au unipigie, nisije nikawaeleza watu vibaya." Mimi nimemaliza sekondari, na bado nimejibu hivyo mara nyingi. Si aibu. Aibu ni kuwaambia watu mgao ni Jumanne, kumbe ni Alhamisi.

Wako pia wanaotumia laini iliyoandikishwa kwa jina la jirani. Mwezi wa Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi kuandikisha laini kwa kitambulisho chake cha mkimbizi au kwa barua ya uthibitisho ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ukiwa bado unatumia ya jirani, mwambie afisa wazi kwamba namba si yako. Na sisi tulio karibu na mpaka, simu huweza kukamata mtandao wa Kongo, usipatikane nusu siku. Mwambie hilo pia, asidhani umemdharau.

Sasa daftari litapita kwenu. Kila mmoja aandike saa anazopatikana, lugha anayotaka, na kama simu ni yake peke yake. Asiye na simu aandike mtu wa kumpelekea barua. Asiyeandika atasaidiwa na jirani yake. Kalamu ziko mbili tu, tafadhali zirudi.