Shibe ya Pumba Haitagi Mayai

Mpenzi msikilizaji, wiki hii naomba tuingie uani.

Ukipita asubuhi Ngamiani, Makorora au Chuda, hapa mjini Tanga, utasikia kuku nyuma ya nyumba nyingi. Mwenye nyumba ana 20, jirani yake ana 50. Mayai hayo ndiyo daftari la mtoto, ndiyo nauli, ndiyo sabuni. Halafu siku moja mayai yanapungua. Trei iliyokuwa ikijaa kwa siku moja sasa inajaa kwa siku tatu. Mama mwenye kuku anatafuta wa kumlaumu: mara jicho la jirani, mara aliyemuuzia vifaranga, mara joto la Kaskazi. Debe la chakula halishtakiwi, kwa sababu limejaa.

Ni kweli kwamba ugonjwa, uzee na kunyonyoka manyoya navyo hupunguza mayai. Lakini mimi nasema tuanze na debe.

Kuku wa bibi zetu kule Muheza na Pangani alitupiwa machicha ya nazi na makombo, kisha akaenda kujitafutia mchwa, panzi na minyoo. Wadudu hao ndio waliompa protini. Naye hakudaiwa mengi: alitaga mayai yake kumi na kitu, akaatamia, akalea. Kuku wa kisasa tumemfungia bandani, mchwa hamwoni, na bado tunamdai yai karibu kila siku.

Tufanye hesabu. Kuku wa mayai hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Chakula chake kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hadi 18, yaani gramu 20 hivi. Yai moja peke yake huondoka na gramu 6, na mwili nao una madai yake. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10. Gramu 120 za pumba zinatoa gramu 12 tu. Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kuku huyu ni wote wawili: ana shibe ya pumba na njaa ya protini. Atapunguza ukubwa wa yai, kisha idadi, na wenzake wataanza kudonoana.

Basi protini tuipate wapi? Kwa wengi wetu ni mashudu na dagaa. Katika kilo 100 za chakula, weka mashudu ya alizeti kilo 20 na dagaa kilo 10, zinazobaki ziwe mahindi yaliyoparazwa, pumba, chokaa ya mifugo, mifupa iliyosagwa na virutubisho vya dukani. Hapo utafika kwenye asilimia 16 au 17. Ukipata soya ni nzuri sana, ila ikaangwe kwanza, maana soya mbichi humzuia kuku asifaidi protini yake.

Lakini, ndugu msikilizaji, kununua ni kazi nyingine. Dagaa wa Mwanza wengi huanikwa mchangani. Chukua konzi moja, tia kwenye bilauri ya maji, koroga, tazama kinachotuama. Theluthi moja ikiwa mchanga, umelipia kilo 10 ukapata pungufu ya 7, na chakula chako kimeshuka hadi asilimia 15. Dagaa wetu wa pwani, wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza, hawana mchanga mwingi, lakini mara nyingi huchemshwa kwa chumvi. Onja kabla ya kulipa. Chumvi ikizidi, kuku huharisha maji, na vifaranga huweza kufa. Ukiwatumia hao, usiongeze chumvi nyingine.

Mashudu nayo yatazamwe. Yenye maganda meusi mengi yana nyuzi nyingi na protini kidogo. Mashudu ya pamba yana gosipoli, ambayo hubadili rangi ya kiini cha yai, na mteja hatarudi. Tena unyevu wetu huu wa pwani huleta ukungu upesi. Gunia lilazwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Chakula kilichoganda mabonge au kunuka uvundo kitupwe, ukionea uchungu fedha na usionee. Sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuku naye haimwachi.

Najua mtaniuliza: dagaa si mboga ya watoto wetu? Swali hilo ni la haki. Katika nyumba nyingi za mjini dagaa ndiye samaki pekee anayefika kwenye sahani, na kila gunia linaloingia kwenye mashine ya chakula cha kuku linagombaniwa na sufuria ya mtu. Kwa hiyo mashudu, ambayo binadamu hayali, yabebe mzigo mkubwa, dagaa wasaidie tu. Na kama mayai 30 hayarudishi gharama, afadhali kuku 10 walioshiba kwelikweli kuliko 40 wanaoshindia pumba.

Jioni ya leo, kabla hujamtaja jirani kwa ubaya, ingiza mkono ndani ya debe. Chota, nusa, tia kwenye maji. Jibu huenda limo humo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.