Si Laana ya Ukoo
(Mazungumzo na kamati za afya za sharika)



Katika kuzungukia sharika tumekaa kwenye matanga ambako baba alitangulia kwa saratani ya utumbo mpana, akafuata kaka, kisha binti asiyefikisha miaka 40. Watu hushusha sauti na kusema ukoo ule una laana. Nasi, tukiri, tumewaombea wafiwa, tumekunywa chai, tukaondoka bila kumwuliza hata mmoja wa waliobaki kama anaona damu chooni.

Mwaka 1895, mjini Ann Arbor, Marekani, mama mmoja mshona nguo alimwambia Dkt. Aldred Warthin kwamba anajua atakufa kwa saratani kama ndugu zake wengi. Daktari hakumpuuza. Aliandika habari za ukoo ule wote na kuzichapisha mwaka 1913. Mama yule alikufa kama alivyosema, kwa saratani ya mji wa mimba. Mwaka 2000 watafiti waliipata kasoro yenyewe katika ukoo huohuo: ilikuwa kwenye jeni moja iitwayo MSH2.

Jeni hiyo ina kazi gani? Mfikirieni katibu wa usharika anayenakili daftari la ubatizo. Kila seli kabla ya kugawanyika hunakili vinasaba vyake, herufi kama bilioni 3 za upande wa baba na bilioni 3 za upande wa mama. Katibu hata awe makini vipi, atakosea mahali. Kwa hiyo nyuma yake ameketi mzee mwenye miwani, anasoma mstari kwa mstari. Mzee huyo ni protini ya MSH2 na wenzake. Wakikuta herufi zisizolingana, huita wengine wakakata kipande chenye kosa, kikanakiliwa upya. Wanajuaje upande upi ni nakala na upi ni asili? Uzi mpya bado una mapengo ambayo hayajaunganishwa. Paul Modrich, aliyeichunguza kazi hii kwa miaka mingi, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar.

Ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, hivyo kunakili hakupumziki. Aliyerithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja bado anayo nzima ya mzazi wa pili. Hiyo nayo ikiharibika katika seli moja, mzee wa miwani ameondoka. Makosa hurundikana, mengine katika jeni zinazozuia seli zisiongezeke ovyo. Hali hii ya kurithi huitwa Lynch, kwa jina la Dkt. Henry Lynch wa Marekani. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kwa baba au kwa mama. (Tuache basi kuwasingizia wake walioolewa katika koo hizo.)

Tusieleweke vibaya. Wagonjwa wengi wa saratani ya utumbo mpana hawana urithi huu. Walio nao ni kama 3 katika kila 100. Lakini hao wana ndugu wanaoweza kuokolewa. Huko Finland watu wa koo za namna hii walifuatiliwa kwa miaka 15. Waliopimwa utumbo kwa kamera kila miaka 3, vivimbe vikaondolewa vikiwa vidogo, walipata saratani hiyo kwa zaidi ya nusu pungufu ya wasiopimwa. Hayo yalichapishwa mwaka 2000.

Kipimo hicho kwetu kiko hospitali kubwa, na nauli peke yake humshinda mkulima. Hapo ndipo tunawaomba wafadhili wetu: si jengo safari hii, bali nauli na gharama ya kipimo kwa ndugu wa mgonjwa, ambao bado ni wazima na kwa hiyo hakuna anayewahurumia.

Nanyi wanakamati, mkienda kufariji, ulizeni kwa upole. Je, ndugu watatu wa damu wameugua saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba? Ni wa vizazi viwili? Kuna aliyeugua kabla ya miaka 50? Majibu yakiwa ndiyo, msingoje dalili. Waandikieni barua ya kwenda kwa daktari, ikitaja kila aliyeugua na umri wake. Anayeona damu chooni aende wiki hiyohiyo, awe wa ukoo wowote.