Kabla ya Kubadilisha Dawa, Tubadilishe Mpira: Utando wa Bakteria na Usugu wa Maambukizi ya Njia ya Mkojo



Mgonjwa ninayetaka tumzungumzie mnamfahamu. Ni mzee mwenye tezi dume, amewekewa mpira wa mkojo akisubiri upasuaji. Homa imempanda, mkojo una ukungu na unanuka. Mkojo unaoteshwa maabara, majibu yanasema siprofloksasini inafaa, anapewa dozi na homa inashuka. Wiki mbili baadaye homa imerudi, na safari hii siprofloksasini haifui dafu. Tunapanda hadi seftriaksoni, kisha meropenemu. Muda wote huo mpira ni uleule.

Mpira uliokaa mwilini mwezi mzima, ukiupasua kwa urefu, mara nyingi utakuta ndani yake ute unaoteleza kama ule unaoshika ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Karibu na tundu la juu unaweza kukuta chembe ngumu zinazokwaruza. Ute huo ni bayofilimu, yaani utando wa bakteria waliojishikiza kwenye mpira, wakazaliana na kujifunika kwa sukari, protini na DNA walizozitoa wenyewe. Zile chembe ngumu aghalabu ni kazi ya Proteus mirabilis. Kimeng'enya chake, yurease, huvunja urea na kutoa amonia. Mkojo hupoteza asidi, fosfati za magnesiamu na kalsiamu huganda, na hatimaye mpira huziba.

Dawa hushindwa humo kwa sababu zaidi ya moja. Baadhi hunaswa kwenye ute. Bakteria wa chini kabisa hukosa hewa na chakula, kwa hiyo hawagawanyiki, na dawa za jamii ya penisilini huua bakteria anayejenga ukuta wake, asiyejenga hazimgusi. Mwaka 1944 Joseph Bigger alionyesha kwamba penisilini huacha stafilokoki wachache hai, ilhali wazao wao bado huuawa na penisilini hiyohiyo. Hao si sugu kwa asili, wamejinyamazia tu. Hatari kubwa huja baadaye: katika msongamano ule bakteria hupeana vinasaba vya usugu, huku dawa ikiwafikia kwa kiwango kisichoua. Usugu wa kweli hupata pa kuota.

Maabara haidanganyi, ila kipimo chetu cha vidonge kwenye sahani hupima bakteria waliotolewa utandoni. Ndani ya utando, bakteria walewale wanaweza kustahimili dawa mamia ya mara zaidi. Na mkojo uliochukuliwa kupitia mpira wa zamani huweza kutuonyesha wakazi wa mpira, si wale wanaomuumiza mgonjwa kibofuni.

Hata asiye na mpira hayuko salama kabisa. Mwaka 2003 kundi la Scott Hultgren, huko St. Louis, Marekani, lilionyesha kwa panya kwamba E. koli huingia ndani ya seli za kibofu na kujikusanya humo kwa namna ya utando. Jambo hili linatusaidia kuelewa kwa nini baadhi ya akina mama hurudiwa na ugonjwa licha ya kumaliza dozi.

Lakini mpira ndio ulio mikononi mwetu. Kila siku unapokaa, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7. Kwa hiyo tarehe ya kuuweka iandikwe kwenye faili, na kila asubuhi raundi iulize kama bado unahitajika. Mgonjwa mwenye dalili, ambaye mpira wake umepita wiki mbili, awekewe mpya na mkojo wa kuotesha utoke kwenye huo mpya. Mfuko ubaki chini ya usawa wa kibofu, hata anaposukumwa kwenda eksirei. Asiye na dalili, kwa kawaida, asipewe antibiotiki eti kwa sababu tu bakteria wameonekana. Mjamzito na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo ni suala jingine.

Nawaomba pia wafamasia mliopo: mipira isiishe stoo. Mpira mmoja ni wa bei ndogo kuliko meropenemu ya siku moja, na wodi iliyoishiwa mipira haina namna ila kuandika meropenemu.